Kusoma Riwaya za Upelelezi wa Jikoni: Mwongozo kwa Msomaji Mpya

Ipo aina ya riwaya za upelelezi ambamo mtu huuawa mapema, mara nyingi kabla sura ya tatu haijakwisha, na bado msomaji akifunga kitabu usiku huwa na njaa kuliko hofu. Mpelelezi wake si askari wala si jasusi mwenye bastola. Ni mwoka keki, mpishi wa shughuli, mwenye duka la chai, au bibi kizee anayefuma sweta huku masikio yake yakiwa wazi. Mahali pake ni mji mdogo au kijiji ambamo kila mtu anajua gari la jirani lilirudi saa ngapi. Damu haielezwi, mateso hayaelezwi, mambo ya chumbani huishia mlangoni, na mwishoni mwuaji hujulikana na maduka hufunguliwa kama kawaida. Katika mwongozo huu nitaziita riwaya za upelelezi tulivu, na nitashughulika hasa na lile tawi lake lenye harufu ya siagi na mdalasini, ambalo kisa chake kizima huanzia jikoni.

Ninayoyaeleza hapa nimejifunza kwa kukosea. Kwa muda mrefu niliruka kurasa za chakula, kama mtu anayevumilia matangazo ya redio akisubiri taarifa ya habari, kisha nikalalamika kwamba mwuaji ametokea hewani. Hakutokea hewani. Alikuwa amepita mbele yangu na sinia mkononi, na mimi nilikuwa nikitafuta bastola.

Hatua ya kwanza: yakubali masharti ya mchezo

Riwaya hizi ni wajukuu wa riwaya za mafumbo zilizoshamiri Uingereza katikati ya vita kuu mbili za dunia, na zimerithi kanuni zake. Mwaka 1929 padri Ronald Knox, ambaye pamoja na upadri wake aliandika riwaya za upelelezi, alitoa kanuni kumi za uandishi huo, na mojawapo ilimkataza mpelelezi kuokota dokezo lolote ambalo msomaji naye hakuonyeshwa. Kwa hiyo sharti la kwanza ni kuamini kwamba jibu limo ndani ya kurasa ulizokwisha kuzisoma. Mwandishi akisimama nusu ukurasa kueleza keki ilivyokatwa, huenda anakutamanisha tu, lakini huenda pia anakuonyesha kisu.

Sharti la pili ni kutohoji hesabu ya vifo. Tamthilia ya televisheni ya Marekani iitwayo Murder, She Wrote, iliyoonyeshwa kuanzia 1984 hadi 1996, iliua watu wengi mno katika mji wa kubuni wa Cabot Cove, jimbo la Maine, hata jina la mji huo likawa utani wa kutajia mahali padogo penye mauaji kupita kiasi. Anayeuliza kwa nini wakazi wake hawahami ni sawa na msikilizaji wa hadithi za sungura anayeuliza mnyama huyo alijifunza wapi kusema.

Sharti la tatu linahusu marehemu. Mara nyingi atakuwa mtu aliyewaudhi wengi: mkopeshaji mwenye riba kali, jaji wa mashindano anayependelea, mrithi mwenye majivuno. Wengine huona huu ni udhaifu wa riwaya hizi, nami sikubaliani nao kabisa, kwa sababu mtu mwenye maadui wengi humpa mwandishi mambo mawili kwa mpigo: washukiwa wa kutosha, na msomaji asiyelia.

Hatua ya pili: chagua kitabu cha kwanza kwa kuangalia jiko lake

Usichague kwa uzuri wa jalada, kwa maana majalada ya vitabu hivi yanafanana kama vikombe vya seti moja: paka, dirisha la duka, keki yenye rangi ya waridi. Chagua kwa kujiuliza ni jiko gani utalielewa na utalipenda.

Mpenda biskuti na aanze na Joanne Fluke, ambaye riwaya yake Chocolate Chip Cookie Murder ya mwaka 2000 ilifungua mfululizo mrefu kuhusu Hannah Swensen, mwenye duka la biskuti liitwalo The Cookie Jar katika mji wa kubuni wa Lake Eden, jimbo la Minnesota. Mwuza maziwa anayemletea bidhaa anakutwa ameuawa kwa risasi nyuma ya duka, na biskuti za Hannah zimetapakaa pale pale. Fumbo lenyewe ni jepesi, nalisema bila kuficha, lakini lugha yake ni nyepesi pia, jambo ambalo ni msaada mkubwa kwa msomaji ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu. Tena yumo mama yake Hannah, ambaye hachoki kumtafutia binti yake mume hata mji ukiwa na maiti ya jana. Sijui msomaji wa kwetu atakayehitaji maelezo ya mama huyo.

Anayejua adha ya kupikia watu wengi atampenda zaidi Goldy wa Diane Mott Davidson, mpishi wa shughuli katika mji wa kubuni wa Aspen Meadow, jimbo la Colorado. Katika riwaya ya kwanza, Catering to Nobody ya mwaka 1990, Goldy anawapikia waombolezaji arobaini, na katikati ya shughuli baba mkwe wake wa zamani anaanguka kwa sumu. Idara ya afya inachukua mabaki yote ya chakula, na biashara yake inasimamishwa. Hapa upelelezi si burudani ya mtu mwenye nafasi. Mama mwenye mtoto wa kulea anatafuta mwuaji ili arudi kazini.

Anayependa kucheka asome Agatha Raisin and the Quiche of Death ya M. C. Beaton, iliyotoka mwaka 1992. Mwanamke wa London aliyezoea kazi za kutangaza watu na biashara anastaafu mapema na kuhamia kijiji cha Carsely katika vilima vya Cotswolds, na ili akubalike anaingia katika mashindano ya mapishi ya kijiji. Tatizo ni kwamba hajui kupika. Ananunua dukani pai ya wazi ya mayai na maziwa, anaiweka mezani kama yake, jaji anaila na kufa. Sasa ili ajinasue na tuhuma za mauaji hana budi kukiri kwamba aliiba heshima ya mpishi, na katika kijiji kile haieleweki ni lipi kati ya makosa hayo mawili linalosameheka haraka zaidi.

Asiyetaka mauaji kabisa anaweza kuingilia mlango wa pembeni, yaani mfululizo wa Alexander McCall Smith ulioanza mwaka 1998 na The No. 1 Ladies' Detective Agency, ambamo Mma Ramotswe wa Gaborone, Botswana, hutatua matatizo ya watu huku akinywa chai nyekundu ya majani ya rooibos. Na anayetaka kuonja upelelezi wa kukaa na kufikiri kwa Kiswahili asitafute mbali: Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alituletea Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyoshinda mashindano ya uandishi ya 1957 na 1958 na kuchapishwa 1960. Bwana Msa hapiki, lakini hupeleleza kwa mazungumzo na kwa kuwajua watu, na hiyo ndiyo njia ya wapelelezi wote niliowataja.

Ukitaka mwongozo wa kudumu zaidi, angalia orodha za tuzo ya Agatha, yenye jina la mwandishi Agatha Christie wa Uingereza na si la Agatha Raisin, inayotolewa Marekani tangu 1989 kwa riwaya za mtindo huu. Mshindi hupewa birika la chai.

Hatua ya tatu: weka karatasi na kalamu pembeni

Karatasi moja inatosha. Upande mmoja andika majina, kwa sababu mji mdogo wa riwaya huwa na watu wengi kuliko unavyotarajia, na Wamarekani na Waingereza humwita mtu yuleyule kwa jina la kwanza leo, la ukoo kesho na la utani kesho kutwa. Mbele ya kila jina andika neno moja tu: daktari wa meno, shemeji, mwenye duka la maua. Upande wa pili chora mji: duka liko wapi, kanisa liko wapi, nani anaweza kuona nini kutoka dirishani kwake. Usichore vizuri. Kinachotafutwa ni kujua kama mtu aliyesema alikwenda kwa miguu kutoka nyumbani hadi ukumbini angeweza kufika kabla chai haijapoa.

Hatua ya nne: soma sahani kama kielelezo cha mahakamani

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo penye utamu. Aliyenifungua macho si mwandishi wala mhakiki. Ni shangazi yangu, ambaye amepika shughuli za harusi na hitima kwa miaka mingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Jioni moja nilikuwa nikimsimulia kisa cha Goldy na waombolezaji wake arobaini, naye alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, hainui macho.

“Walianguka wangapi?” akaniuliza.

“Mmoja tu, shangazi.”

“Basi mwanangu, achana na chungu. Ingekuwa chungu, wangeanguka wote. Tafuta kikombe chake. Halafu niambie, vyombo aliosha nani?”

Nilikuwa nimesoma zaidi ya nusu ya kitabu bila kujiuliza lolote kati ya hayo. Kwa maswali mawili, mwanamke asiyesoma riwaya alikuwa ameigawa shughuli nzima katika safari ya chakula: kilichopikwa pamoja, kilichopakuliwa peke yake, na kilichofutwa baadaye. Tangu siku ile kila mlo ninaokutana nao kitabuni naufuata kwa maswali manne. Nani alipika? Chakula kilipita mikono ya nani kabla ya kufika mezani? Nani hakula, au alikula nusu, au alibadilisha kiti? Na kiporo kilikwenda wapi?

Tuseme kuna kikao cha kamati ya kanisa, watu sita, birika moja, jagi moja la maziwa na bakuli moja la sukari. Wote wanakunywa chai, mmoja anakufa. Msomaji mwenye haraka atakimbilia kuuliza nani alimchukia, na atapata majina matano. Msomaji wa sahani atarudi nyuma kurasa nne na kuona sentensi ndogo, iliyopitishwa kama mzaha, kwamba marehemu alikuwa peke yake kati ya wale sita anayetia sukari. Sasa swali limegeuka: nani alijua? Katika mji mkubwa watu wachache hujua unatia sukari vijiko vingapi. Katika mji mdogo anajua mhudumu wa mgahawa, anajua katibu wa kamati, anajua mke aliyeachika. Tena angalia ukurasa unaofuata kifo, pale kila mtu anapohangaika na kulia, na mmoja kwa wema mkubwa anaanza kukusanya vyombo. Wema wa namna hiyo uandike kwenye karatasi yako.

Kwa mazoezi ya hatua hii hakuna kitabu kinachofaa kuliko riwaya ya kwanza ya Agatha Christie, The Mysterious Affair at Styles ya mwaka 1920, ambayo maktaba iitwayo Project Gutenberg inaitoa bure katika intaneti. Haina duka la keki, lakini ina vikombe. Bibi mwenye nyumba anakufa usiku kwa sumu ya striknini, na uchunguzi unazunguka juu ya kahawa aliyopelekewa na kakao iliyowekwa chumbani kwake: nani alimimina, nani alibeba, sinia lilisimama wapi, na kama kinywaji kitamu kinaweza kuficha sumu iliyo chungu kiasi kile. Christie hakuwa anabahatisha. Wakati wa vita kuu ya kwanza alijitolea kuuguza majeruhi katika mji wa Torquay, akahamishiwa chumba cha dawa cha hospitali, na mwaka 1917 akafaulu mtihani wa kutayarisha na kutoa dawa. Kwa hiyo anapotaja ladha na muda ambao sumu hukaa kabla ya kuonyesha dalili, yachukulie maneno yake kama ushahidi, usiyachukulie kama mapambo.

Waandishi wa leo wa riwaya za keki hawana wote ujuzi huo, na ni haki kusema hivyo. Wengine huingiza harufu ya lozi, ambayo ndiyo harufu ya sumu ya sianidi, kwa sababu wameisoma katika vitabu vya zamani, bila kujali kwamba si kila mtu ana uwezo wa kuinusa. Ukiona sumu inatajwa kwa jina moja tu bila ladha, bila muda, bila namna ilivyoingia katika chakula, jua kwamba mwandishi huyo ameweka akili yake kwa watu na si kwa dawa; nawe hamisha macho yako huko.

Hatua ya tano: jifunze desturi za mji kabla ya kuwahukumu wakazi wake

Miji hii imebuniwa, lakini imepandwa katika ardhi ya kweli, na asiyeijua ardhi hiyo hupitwa na madokezo. Katika wilaya nyingi za Marekani mkuu wa polisi, ambaye huitwa sherifu, hupigiwa kura na wananchi. Hii ndiyo sababu sherifu wa riwaya huwa na pupa ya kumkamata mtu yeyote uchaguzi ukikaribia, na ndiyo sababu mwoka keki huona hana budi kujitafutia ukweli. Tena utakutana na karamu ambayo kila mwalikwa huja na sahani yake, na mauzo ya keki ya kuchangia kanisa au shule. Kwa mwandishi shughuli hizo ni neema tupu, kwa sababu vyakula ishirini kutoka majiko ishirini hukaa kwenye meza moja bila mlinzi.

Uingereza mambo ni mengine. Kasisi wa parokia, mke wake, daktari, kanali mstaafu na mwenye duka la posta ndio nguzo za kijiji, na mashindano ya jemu na keki huchukuliwa kwa uzito ambao mgeni huufanyia mzaha kwa hasara yake. Kipindi nacho ni muhimu. Katika A Murder Is Announced ya Agatha Christie, ya mwaka 1950, mpishi wa nyumba, mkimbizi wa vita, anaoka keki ya chokoleti ambayo wenyewe wameibatiza jina la kifo kitamu. Msomaji asiyejua kwamba Uingereza iliendelea kugawa chakula kwa kadi hadi mwaka 1954 ataiona keki hiyo kama keki tu, wala hataelewa kwa nini siagi na mayai yake yanazungumzwa kama mtu anavyozungumzia dhahabu ya mahari. Riwaya hiyohiyo inaeleza jambo lililovibadilisha vijiji: zamani kila mgeni alifika akiwa na mtu wa kumtambulisha, lakini baada ya vita watu walihamahama, na jirani ukamjua kwa yale aliyoyasema mwenyewe. Mpelelezi wa kijiji, Miss Marple, hufanya kazi kinyume cha hapo. Yeye humlinganisha kila mgeni na mtu fulani aliyemjua kijijini kwake St Mary Mead, mjakazi, kijana wa duka la samaki, na kutokana na udhaifu wa yule wa zamani hukisia udhaifu wa huyu mpya.

Kwa msomaji wa pwani au wa kijiji chochote chenye baraza, jambo hili halihitaji kufundishwa. Tofauti ni kwamba sisi huuita umbea, nao huuita uchunguzi.

Hatua ya sita: simama kabla ya sura tatu za mwisho

Utaujua wakati huo ukifika, kwa sababu mpelelezi ghafla hunyamaza. Huwa anafanya kazi ya mikono, anakanda unga au anafuta meza, kisha neno dogo alilosema mtu humgonga kichwani na mwandishi hakuambii ni neno gani. Funga kitabu hapo. Rudi kwenye karatasi yako, pitia milo yote, kisha andika jina moja na sababu moja. Majina matatu si dhana; ni woga.

Ukikosea, usirukie kitabu kingine kesho yake. Rudi utafute ukurasa ambao dokezo lilikuwa limelala. Kama lipo, ulilipita, na utajifunza mahali ambapo macho yako hulegea. Yangu hulegea kila anapoingia mtoto, kwa sababu sidhani mtoto anaweza kuwa ameona kitu. Kama halipo kabisa, na mwuaji amejulikana kwa sababu tu alimfungia mpelelezi ghalani na kujieleza mwenyewe kwa kurasa nane, basi mwandishi amekudhulumu, na una haki ya kumpunguzia imani. Katika mifululizo ya Kimarekani jambo hili hutokea mara kwa mara kuliko ninavyopenda.

Hatua ya saba: pika, lakini badilisha vipimo kwanza

Fluke na Davidson huweka mapishi kamili ndani ya riwaya zao, na wengi waliowafuata hufanya vivyo hivyo. Usiyaruke. Kupika chakula alichopika mpelelezi ni namna ya kurudi katika kitabu kwa mikono, na mara nyingine, ukiwa unasubiri mchanganyiko upoe, utatambua kwamba mshukiwa fulani aliyedai alioka na kutoka nyumbani ndani ya nusu saa amesema uongo.

Lakini vipimo vyao si vyetu. Kikombe cha Marekani ni kipimo maalumu cha mililita 240, si kikombe chochote cha chai kilicho kabatini. Kikombe hicho cha unga wa ngano kina takriban gramu 120 hadi 125, na cha sukari nyeupe takriban gramu 200. Joto la oveni huandikwa kwa Farenihaiti, na nyuzi 350 zinazotajwa karibu katika kila pishi la biskuti ni sawa na nyuzi 175 hadi 180 za Selsiasi. Siagi ndiyo iliyoniaibisha mimi. Wamarekani huiuza katika vipande virefu vilivyofungwa kimoja kimoja kwa karatasi, kila kipande gramu 113, na mapishi yao huhesabu vipande hivyo. Niliposoma vipande viwili, nikachukua pakiti mbili za gramu 250 kutoka kwenye friji, nikazitia zote, nikajisifu kwa ulaini wa mchanganyiko. Nilipofungua oveni biskuti ishirini na nne zilikuwa zimeungana kuwa shuka moja inayometameta mafuta, na mwanangu akauliza kwa adabu kabisa kama leo tunakula chapati ya chokoleti.

Sukari ya kahawia nayo ina siri yake. Ile ya Marekani ni laini na ina unyevu kwa sababu ya molasi iliyomo, na pishi linaposema ishindiliwe ndani ya kikombe linamaanisha hivyo hasa. Sukari yetu ya kahawia ya kawaida ni ya chembe kavu. Itakupa utamu, lakini biskuti itatoka ngumu zaidi na itapasuka ukiikunja. Mapishi ya Uingereza ni mepesi kwetu kwa sababu siku hizi hutumia gramu, ila uangalie aina ya unga, kwa kuwa wanao unga unaouzwa ukiwa tayari umechanganywa na bekingi pauda. Ukitumia wa kawaida bila kuongeza kitu, keki italala kama iliyokasirika.

Asiye na oveni asijinyime. Sufuria nzito yenye kifuniko, mkaa kidogo chini na mwingi zaidi juu ya kifuniko, hutoa keki nzuri, na kwa biskuti oka chache kwa wakati mmoja na ufunue mapema kuliko muda ulioandikwa, kwa sababu chini huungua kabla juu hakujabadilika rangi.

Hatua ya nane: soma mfululizo kwa mpangilio, na usome na wenzako

Mafumbo ya riwaya hizi hukamilika kitabu kimoja kimoja, hivyo mtu anaweza kuokota chochote katika vitabu vya mtumba na akafurahi. Lakini maisha ya mpelelezi huendelea kutoka kitabu hadi kitabu. Hannah huzungukwa kwa vitabu vingi na wachumba wawili, daktari wa meno na mpelelezi wa polisi, na anayeanzia katikati ataona mabishano yao kama kelele za nyumba ya jirani. Anza na cha kwanza kila inapowezekana. Ukifika cha tano au cha sita na ukaanza kuchoka, badilisha jiko badala ya kujilazimisha. Kutoka kwenye biskuti nenda kwenye chai, kutoka Minnesota nenda Cotswolds, kisha urudi baada ya miezi michache.

Sisi huko kwetu ni wanne, na kitabu huwa kimoja kinachozunguka. Kila anayefika sura tatu za mwisho huandika jina la mwuaji kwenye kipande cha karatasi, hukikunja na kukitia katika kopo la zamani la biskuti linalokaa juu ya kabati la shangazi, kisha humalizia kitabu na kukaa kimya hadi wa mwisho amalize. Shangazi bado hasomi. Husimuliwa milo tu, bila majina ya watu, naye hututajia aliyebeba kikombe, nasi tunaiandika dhana yake na kuitumbukiza pamoja na zetu. Siku ya kufungua kopo aliyekosea huleta vitumbua mara inayofuata, na mpaka sasa shangazi ameleta mara mbili tu.